Mjerumani Apanda Kiriri Kinyumenyume

Jumatatu, 11 Agosti

Shemeji Valéry, mume wa dada yangu Danielle, ameenda Kigoma kufuata saruji yake. Ameniachia ufunguo wa Mjerumani, gari lake la kifahari, na amri moja: niliwashe uani kila asubuhi, lipate joto, nilizime. Getini lisitoke. Nikasema sawa.

Limetoka. Ningefanyaje? Jumamosi tunapeleka mahari kwa kina mchumba wangu Epiphanie, kilimani Kiriri, na baba yake, Mzee Télesphore, nilishamwambia gari ni langu. Maneno yalinitoka tu. Leo nimepanda Bugarama kumchukua baba mdogo Maxime, atakayenisemea siku hiyo. Petroli haionekani mjini. Kwa hiyo wakati wa kurudi nimefanya kama madereva wa hapa: juu ya mteremko nikazima injini, gia nikaweka N, yaani huru, tukateleza bure hadi chini. Breki zilikuwa ngumu kidogo. Baba mdogo alisali rozari nzima. Lakini petroli nimeokoa!

Jumanne, 12 Agosti

Mjerumani amenuna. Nikitia D, gia ya kwenda mbele, anafikiri kwanza, halafu anaruka kama mbuzi. Gia ya pili haiingii. Injini inanguruma, gari liko palepale.

Nimempeleka Buyenzi kwa Fundi Massoudi. Bahati mbaya, ni fundi wa shemeji tangu zamani. Akauliza swali moja: limeshushwa mlima kwa N, injini imezimwa? Nikakana. Ningekubali, shemeji angejua kabla hajapanda meli. Massoudi akasema basi itakuwa umeme, akachomeka kompyuta. Kompyuta ikasema gia zinateleza. Haikutaja jina la mtu. Kompyuta yenye heshima zake.

Jumatano, 13 Agosti

Nimeamua kulitibu mwenyewe. Nimenunua mafuta ya giaboksi Kamenge, kando ya barabara. Muuzaji aliniapia kwamba mafuta yote mekundu ni mamoja. Nikamimina hadi yakafurika.

Jioni D imekufa kabisa. R, gia ya kurudi nyuma, ni nzima. Ina nguvu hata kuliko jana! Dada ameuliza harufu ya kuungua inatoka wapi. Nimesingizia majirani wanaochoma takataka. Mtaa wetu wote wa Carama unachoma takataka, kwa nini asiamini?

Alhamisi, 14 Agosti

Massoudi amekuja nyumbani dada akiwa sokoni. Amechovya kijiti, akanusa, akakunja uso. Akanieleza polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kuvaa viatu: ukizima injini, pampu iliyo ndani ya giaboksi nayo inasimama, mafuta hayazunguki, sahani za gia zinasagana kavu hadi zinaungua. Kisha akauliza tena swali lake. Nikaapa tena. Akaniangalia sana.

“Wallahi, bwate imeungua. Kama si we umeshuka na N, basi ni jini.”

Nikakubali kwamba ni jini. Akasema lazima hiyo bwate, yaani giaboksi, ifunguliwe, vipuri viagizwe mbali, na gari lisiguswe. Jamani, na mahari ni keshokutwa!

Ijumaa, 15 Agosti

Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria. Katikati ya mahubiri nimepata jibu: R inafanya kazi. Nimejaribu uani. Shingo inauma, lakini gari linakwenda. Anayesema lazima gari litangulize pua ni nani?

Jumamosi, 16 Agosti

Dada nimemwambia shemeji ameruhusu. Lori la mchanga limetuvuta kwa kamba hadi chini ya Kiriri. Hapo nikafungua kamba haraka, nikatia R, tukapanda kilima kizima kwa matako. Watu walitoka kwenye mageti kutushangaa. Wakwe walikuwa wamejipanga kutupokea, na walichoona kwanza ni buti.

Baba mdogo hakutetereka. Alisimama akasema sisi ni watu wa adabu: gari tumeligeuza kabisa, lielekee nyumbani, kwa sababu hatukuja kukaa, tumekuja kuchukua mke. Wakapiga makofi! Mzee Télesphore hakupiga. Alikuwa anaangalia moshi.

Wakati wa kuondoka Epiphanie alinisindikiza hadi garini. Akaniuliza kwa sauti ya chini gari ni la nani. Akasema nimwambie tu ukweli, hata kwa miguu wangenipokea. Nikasema ni langu. Akaitikia kwa kichwa, akarudi ndani. Sisi tukashuka kwa N.

Jumapili, 17 Agosti

Shemeji amefika bandarini asubuhi. Massoudi alishampigia simu. Amekaa kwenye usukani, ametia D, amesikiliza injini, ametoka. Ameuliza kama nililiendesha. Nimemweleza habari za jini. Ameniamuru nihame kesho chumba chake cha uani ninachokaa.

Mchana baba mdogo amerudi kutoka Kiriri na mahari yote; wakwe wameikataa. Kumbe Epiphanie anaimba kwaya moja na dada, na baada ya mazoezi shemeji amemrudisha nyumbani kwa gari hilohilo mara nyingi. Amekuwa akijua gari ni la nani tangu mwanzo. Alikuwa anasubiri niseme. Imeniuma. Imeniuma kweli, hata chai nimeiacha mezani.

Nimekaa nikatafakari kwa makini. Kosa nimeliona: gari la otomatiki. Jirani Tajudini ana gari jeupe la gia za mkono, na Alhamisi anasafiri kwenda Uvira. Nimemwomba nimtunzie ufunguo. Epiphanie nimeshamtumia ujumbe kwamba lile bovu nimeliuza, nimenunua jeupe.