Kiti cha Dirishani na Lugha Mvivu

Jumatatu, tarehe 4

...na mpaka saa sita hakuna mteja hata mmoja aliyepata ujumbe. Sielewi. Kazi ya kaofisi ketu ndiyo hiyo, kuwatumia wateja wa maduka ujumbe. Ijumaa Mama Mkubwa, mwenye ofisi, anachagua nani akalie kiti cha dirishani, kwenye mashine mpya. Mimi au Miwani.

Niliandika amri: chukua kila mteja, mtumie. Nikaijaribu kwa namba yangu kwenye kidirisha cheusi, kile cha kompyuta kinachokuonyesha jibu papo hapo. Simu ikalia mfukoni. Nikaiweka ndani ya programu. Kimya kama maji ya mtungi.

Akaja Miwani. Binamu yangu, kasoma chuo, ananiita mdogo wangu wakati nimemzidi miezi miwili. Hata hakukaa. Eti lugha hii ya programu ni mvivu, inaitika tu, haiinuki mpaka mtu adai jibu. Kidirisha kilidai, maana lazima kikuonyeshe jibu. Humu ndani, mdogo wangu, nani kadai? Akaongeza neno moja la kulazimisha. Ujumbe ukaenda wote. Mama Mkubwa akamwita mwanangu. Mimi kaniita wewe.

Jumatano, tarehe 6

Akili imenijia. Kwenye kila orodha Mama Mkubwa hujiweka wa kwanza, ahakikishe ujumbe umefika. Basi nimeandika: Miwani anasinzia kazini. Nitadai wa kwanza tu. Si lugha mvivu? Ukidai mmoja, itatuma mmoja. Wengine walale.

Baadaye. Umefika kwa watu thelathini na wawili. Tena na jina langu chini, programu huliweka yenyewe.

Miwani kaeleza huku kajiuma mdomo asicheke. Orodha hii inachotwa kwa mafungu, ukidai mmoja linaandaliwa fungu zima la thelathini na wawili. Ukitaka punje ya sukari, kijiko hakiji na punje. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara kauliza Miwani ni nani na usingizi wake unamhusu nini. Mama wa duka la viatu kampa Miwani pole, kamwambia apumzike. Hata fitina yangu inamnenepesha yeye.

Ijumaa, tarehe 8

Kiti kapata Miwani. Kakizungusha huku ananiangalia.

Mama Mkubwa kasema wale wote niwaombe radhi kabla ya mchana. Nikiweza, nitabaki na mashine kuukuu ya stoo. Nikishindwa, fagio nalijua lilipo.

Nimeandika amri: chukua kila mmoja, muombe radhi. Nimeijaribu kwenye kidirisha cheusi. Radhi ikanifikia mwenyewe, ikanigusa kweli. Nikaiweka ndani ya programu. Miwani akasogea, akaanza mdogo wangu, lile neno la kulazimisha umeli... Nikamziba kwa mgongo. Nimwachie tena achume sifa? Safari hii zote zangu.

Niishie hapa. Mama Mkubwa ananiita, nije na fagio. Kinyozi yuko mlangoni na simu mkononi, anauliza radhi yake iko wapi.