Uwanja Usio na Ukuta na Oili ya Lori Langu

Mbeya,
11 Septemba 1957

Kwa Bwana Katibu,
Chama cha Mbio za Magari cha Nyanda za Juu,
Iringa.

Bwana Katibu,

Nakusalimu kwa heshima, na natumaini upepo wa huko kilimani haujakuzidi nguvu. Barua yako ya tarehe 2 imenifikia. Mara ya kwanza niliisoma kwa hasira. Mara ya pili niliisoma nikiwa na kalamu mkononi, na haya ndiyo matokeo.

Unaniarifu kwamba lori langu limefutwa katika mbio za malori za Jumamosi, tarehe 31 Agosti, kwa sababu, nanukuu, "mwanamke, mkamwana wa dereva, aliingia barabarani akasimama mbele ya baba mkwe wake, akawa kizuizi." Kufutwa si jambo geni kwangu. Nimeshafutwa katika kamati ya shule, katika baraza la wazee wa kanisa, na mara moja katika orodha ya wasemaji msibani. Ninachopinga ni maneno "mbele ya baba mkwe wake."

Nakala ya barua yako uliipeleka kwa jumbe wetu, naye akaipeleka kwa kaka yangu mkubwa, Mzee Saulo. Sasa sikiliza. Kwetu Wanyakyusa mke wa mwanao hakuoni, nawe humwoni. Hatamki jina lako. Mkikutana njiani, yeye huingia migombani, wewe hutazama milima. Mwanamke anayevunja mwiko huo anaweza kurudishwa kwa baba yake. Wazee watakaa Jumapili hii kuamua kama Ikupa, mke wa mwanangu Ezekia, arudi kwao Tukuyu, na ushahidi walio nao ni karatasi moja tu, yenye sahihi yako.

Kabla sijaanza malalamiko yangu, ni haki ujue oili ya lori langu inavyolindwa. Ikupa amekulia kwenye mashine ya kusaga ya baba yake, Jailos. Akivuta kijiti cha kupimia oili, hatazami kimo peke yake. Hukinusa, husugua tone moja kati ya vidole viwili, ndipo husema kama oili imeungua, imeingia maji, au imechoka tu. Kila asubuhi mimi huenda nyuma ya nyumba nikatazama mlima Loleza. Yeye hutoka jikoni akapima. Akimaliza humwambia Ezekia, Ezekia huniambia mimi, nami hutoa amri ya jambo ambalo tayari limefanyika. Kwa miaka sita tumebeba mpunga kutoka Kyela kwa utaratibu huo, na hatujabadilisha beringi hata moja. Watu husema nina mkono mzuri wa gari. Sijaona sababu ya kubishana nao.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Uwanja wenu hauna ukuta. Asubuhi ya mbio nilitafuta mahali pa kujificha ili Ikupa apime oili. Nyasi mlikuwa mmezifyeka. Miti mlikuwa mmeikata. Choo kilikuwa cha turubai, na ndani yake alikuwamo Mgiriki mmoja mkulima wa tumbaku ambaye hakuonyesha dalili ya kutoka. Nilitembea kuelekea mjini hata miguu ikaniuma, nikageuka, na bado lori nililiona, maana yake na aliye kwenye lori angeniona mimi. Chama kinachoalika madereva kutoka mikoa yenye heshima kinapaswa kuwa na angalau ukuta mmoja.

Basi Ezekia akapima peke yake. Ezekia ni kijana mwema, amefika darasa la nane, lakini alipima lori likiwa limeinamisha pua mteremkoni. Oili ilikimbilia upande wa kijiti, na kijiti kikasema imejaa. Silaumu kijiti, kilijibu kile kilichoulizwa. Nauliza tu ni nani aliyesawazisha njia ya kukimbilia akaacha mteremko mahali pa kuegesha. Si mimi.

2. Kona yenu ya kwenye kichuguu ni ndefu kupita kiasi. Kitabu cha watengenezaji wa lori langu nimekisoma chote mara mbili, pamoja na sura inayohusu theluji, na hakuna mahali kinaposema lori litazungushwa upande mmoja tu mara ishirini kama punda wa kinu. Kabla hatujaondoka Mbeya, Ikupa alileta ujumbe kupitia Ezekia. Alisema oili ndani ya injini ni kama maji ya mtungi kichwani: mwenye mtungi akigeuka kwa pupa, maji yote huenda bega moja. Kwenye kona ndefu oili itakimbilia ubavuni, pampu itafyonza upepo, na beringi zitasagana kavu. Akaomba tuongeze nusu painti juu ya alama ya kijiti.

Nilijibu, kupitia Ezekia, kwamba alama ni alama, na kwamba mtu anayevuka alama ya oili leo, kesho atavuka mpaka wa shamba la jirani. Sijabadili msimamo huo.

Katika mzunguko wa nne, katikati ya kona, Ezekia akasema geji ya presha imelala. Nikamwambia itaamka. Tulipofika panaponyooka ikaamka kweli. Mzunguko wa tano ikalala tena, na wa sita, na wa saba. Akasema, "Baba, sasa inalala kuliko inavyokesha." Nikamwamuru atazame mbele, kwa sababu mtu akiitazama geji sana huipa kiburi.

Naomba kona hiyo iondolewe. Kama mnaona mbio lazima zirudi zilikoanzia, basi nusu ya mizunguko iende kulia, ili oili nayo ipate haki sawa pande zote mbili.

3. Bendera zenu hazitoshi. Ikupa alikuwa amekaa na akina mama wanaouza uji. Sisi ndani ya lori hatukusikia kitu kwa kelele na vumbi, lakini yeye, nilivyoelezwa baadaye, alisikia injini imeanza kugonga tangu mzunguko wa nane. Akamwambia mke wangu, Damari. Damari akamwambia Mzee Anania wa kanisa letu, aliyekuwa amekuja kutuombea. Anania akamwendea mshika bendera wenu, Bwana Didas. Bwana Didas akauliza anasema kama nani. Anania akajibu kwamba anasema kwa niaba ya Damari. Na Damari kama nani? Kwa niaba ya mkamwana wake. Bwana Didas akafungua kitabu cha sheria, akatafuta bila haraka, akaeleza kwamba ipo bendera ya ajali, ipo ya mvua, na ipo ya kumaliza mbio, ila ya oili hakuna. Akawashauri wasubiri ajali.

Simlaumu, ni mtu wa sheria, na alikuwa mpole. Nalaumu sheria. Nataka kila kona kuwe na mshenga wa oili: mtu mzima, aliyeoa, asiye na undugu na upande wowote, mwenye bendera yake, apokee habari kutoka kwa wakamwana na kuzifikisha kwa baba wakwe. Watu wa Iringa wanaojua kupatanisha koo hawakosekani.

4. Sasa nafika kwenye neno "mbele." Ni kweli kwamba mzunguko wa kumi, mahali panaponyooka, lori langu lilisimama. Unasema lilisimama kwa sababu Ikupa alikuwa mbele yangu. Nakanusha. Mimi simwoni mkamwana wangu. Sijamwona kwa miaka sita nyumbani kwangu mwenyewe, anakopika ugali ninaokula. Nitamwonaje Iringa, kwenye vumbi? Na kitu asichokiona dereva hakiwezi kumzuia dereva. Kwa hiyo kizuizi hakikuwepo. Kama kizuizi hakikuwepo, lori lilisimama lenyewe. Kama lilisimama lenyewe, huku oili yake ikiwa imebaki kidogo chini ya kijiti, basi kati ya malori kumi na moja lilikuwa ndilo pekee lenye akili, maana lile la kijani lililotupita kwa kujisifu lilitoboka ubavu wa injini kwenye kona yenu na mpaka leo nasikia liko pale. Mbio za magari ni kipimo cha magari. Gari lenye akili kuliko mengine ndilo mshindi. Kikombe cha ushindi kilichoko kwa yule Mgiriki nakichukulia kuwa amenitunzia tu.

Isitoshe, mtu hawi mbele ya mtu bila uso. Mashahidi wote, Bwana Didas akiwamo, wanakubali kwamba Ikupa alikuwa amejifunika kanga kichwani, ameligeuzia lori mgongo, na anakitazama kichuguu. Maneno aliyosema kila mtu aliyasikia. Alisema, "Kichuguu, mwambie mwenye gari azime injini sasa hivi."

Bwana Katibu, maneno yaliyoambiwa kichuguu si maneno yaliyoambiwa baba mkwe. Injini niliizima kwa sababu zangu binafsi.

Kwa hayo yote, naomba uniandikie barua mpya yenye muhuri, nakala kwa jumbe, isemayo hivi: "Hakuna mtu aliyesimama mbele ya dereva. Mwanamke mmoja alikuwa akizungumza na kichuguu." Mpe dereva wa basi la kesho kutwa, inifikie Jumamosi. Isipofika, Jumapili jioni mwanamke ataondoka nyumbani kwangu na godoro kichwani na mjukuu wangu mgongoni, kwa kosa la kuokoa injini. Nami nitabaki na lori zuri, kitabu cha watengenezaji, na kijiti ambacho hakuna mtu wa kukinusa.

Nafunga kwa utii ule unaobaki kwa mtu baada ya kuandika kurasa nne. Nisalimie Bwana Didas na bendera zake zote tatu. Nisalimie akina mama wa uji. Mwambie yule mrefu kwamba bakuli lake tulilichukua kwa bahati mbaya na litarudi. Nisalimie Mgiriki, kama ameshatoka chooni.

Wako asiyeshindwa,
Andendekisye Mwaisongole

T.B. Kabla sijafunga bahasha, Mzee Saulo na wazee wenzake waliingia jana jioni; hawakuweza kungoja Jumapili. Niliwasomea barua hii yote, tangu salamu hadi bakuli. Walisikiliza vizuri sana. Mwisho Mzee Saulo akaniuliza swali moja: "Mdogo wangu, kama hukumwona, ulikanyaga breki ya nini?"

Nilipitia kichwani kila kitabu nilichowahi kusoma. Kisha nikasema nilimwona. Kanga ilikuwa ya njano. Kisigino cha mguu wa kushoto kilikuwa na tope. Lori lilisimama hatua tatu kutoka mgongoni kwake, na hakusogea. Nikawaambia pia kwamba ile nusu painti aliiomba, na mimi ndiye niliyeikataa.

Wazee wameamua kosa ni langu. Nitachinja ng'ombe mmoja, na Ikupa anabaki. Barua mpya haihitajiki tena, na ukuta mnaweza kuacha kuujenga.

Kwa mbio za mwakani, tafadhali mwandike Ezekia miongoni mwa watazamaji. Atakuwa amemshika mtoto. Atakayekaa pembeni yangu kuangalia geji ni Ikupa. Katikati yetu kutakuwa na pazia, ambalo Damari ameshaanza kulishona. Ikupa amekubali kwa sharti moja. Aliliambia rejeta asubuhi ya leo, nami, nikiwa nyuma ya nyumba, nikasikia: tuongeze nusu painti. Nimeongeza.