Kiondo cha Kiende

Jumatatu, 4 Agosti
Leo nimeongea vizuri sana kwa mkutano wa akina mama wa kanisa hapa Githongo. Nimewaambia binti yangu Kiende (amesoma, ana ofisi Embu, kiti chake kinazunguka!) akiolewa na kina Ngari wa Embu tarehe kumi na sita, nitampa kiondo nilichosuka mwenyewe. Makofi! Veronicah hakupiga. Akauliza ati nilianza kusuka lini. Nikamwambia tangu utotoni. Huyo mama na maswali!
Shida ni moja, ndogo. Sijawahi kusuka hata kamba ya mbuzi.

Alhamisi, 7 Agosti
Sokoni Mikinduri. Nimepata kiondo safi, mistari imenyooka kama rula ya mwalimu. Nikakipaka vumbi kidogo, kionekane kimekaa nyumbani. Akili! Mzee wangu Gitobu akauliza kimetoka wapi. Nikamjibu, kwa vidole hivi. Akaviangalia. Akarudi kwa chai yake.

Jumapili, 10 Agosti
Aibu! Baada ya ibada nimepitisha kiondo, kila mama akishike. Veronicah hakuangalia mistari. Alikipindua! Akachungulia kitako, pale msukaji anapoanzia, akasema huo mkono anaujua, ni wa shangazi yake wa Mikinduri. Mimi nitajuaje kitako kinaongea? Nikasema shangazi ndiye alinifundisha. Akasema vizuri, Alhamisi atakuja kwangu anione nikisuka.
Jioni Kiende akapiga simu. Ameshaambia ofisi nzima. Akasema, Mama, sijawahi kuwa na kitu umenitengenezea kwa mikono yako. Nikasingizia mtandao unakatika.

Jumanne, 12 Agosti
Nimeanza. Katani inakata vidole! Kitako kimetoka kama chapati ya mtoto. Nikafumua mara tatu. Ya nne ikashika. Ajabu: saa tatu nzima sijamsema mtu. Mimi!

Alhamisi, 14 Agosti
Veronicah amefika. Nilikuwa tayari kumfukuza akicheka. Hakucheka. Akaketi, akanionyesha kuvuta uzi. Akasema nikipiga domo ninalegeza, nikikasirika ninakaza. Akagusa mahali pamejikunja kama ngumi, akasema hapa, mama Kiende, ulikuwa unaniwaza mimi.
Kweli. Ni pale pale!

Jumamosi, 16 Agosti
Wageni wa Embu wamejaa uwanja mzima. Kiondo changu kimeinama, tumbo nje, mdomo mpana. Kile cha Mikinduri nilikificha chini ya kiti. Mkono wangu ulikuwa unakiendea kabisa, ndipo Kiende akaniangalia. Nikatoa changu.
Akacheka mpaka machozi. Akasema, Mama, hiki ni wewe kabisa, tumbo mbele na mdomo haufungi! Akaweka mkanda wa kiondo kwenye paji la uso kama nyanya zetu, akakataa kukitoa hata kwa picha. Nililia. Veronicah alilia zaidi, lakini huyo hulia hata kwa matangazo.

Jumapili, 17 Agosti
Sasa nimejijua. Mimi ni msukaji, tena wa kipaji! Nimetangaza kanisani kwamba ninafungua darasa la viondo. Akina mama tisa wamejiandikisha. Veronicah akauliza watajifunza kwa mfano gani. Nikamwambia kwangu viko vingi, nimesuka mwenyewe, aje Jumatano aone.
Kesho asubuhi naenda soko la Kangeta. Huko Veronicah hana shangazi.