Malalamiko Kuhusu Mti wa Kombeo Langu na Boga Lililomfikia Mama Mkwe

Kitongoji cha Mwamba Mmoja,
Shelui, Iramba.

Kwa Mwenyekiti wa Kijiji,
Ndugu Sostenes (ambaye pia ni shemeji yangu, lakini leo naandikia kiti, siandikii undugu).

YAH: KUNYANG'ANYWA MTI WA KOMBEO, NA MENGINE YALIYOFUATA

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini kiti chako hakijambo. Mimi sijambo, isipokuwa tangu Jumapili nakula ugali niliousonga mwenyewe, na ugali huo ndio ulionisukuma kushika kalamu.

Kwanza nieleze kombeo lenyewe, maana kule kwenye mkutano wa kijiji ulionihukumu, kila nilipofungua mdomo mjumbe wako Enock alianza kukohoa. Mimi niliishia darasa la tano, lakini la tano la zamani, ambalo kwa sasa ni sawa na mtu aliyemaliza chuo akarudi kufundisha. Wazo nililipata Shelui, kwenye simu ya dereva wa lori aliyekuwa anasubiri kuzibiwa pancha. Alinionyesha watu wa kale wakibomoa ngome kwa mti mmoja tu. Mti unalazwa juu ya miguu kama bembea. Upande mfupi unafungwa uzito, upande mrefu unafungwa kombeo. Ukiachia, uzito unashuka, mti unapanda, na kilichomo kinakwenda zake. Nikamwuliza, "Ni hicho tu?" Akacheka. Hakujua anacheka na nani.

Nikajenga. Miguu ya mninga, ekseli ya mkokoteni, mti mrefu wa mkaratusi, ringi za lori zilizojazwa mawe, na kiroba cha salfeti cha kuwekea mahindi kuwa kombeo. Shabaha ilikuwa kuwafukuza ndege wa kwelea wanaonimalizia mtama kila mwaka. Jaribio la kwanza jiwe lilikwenda nyuma, likabomoa choo ambacho hata hivyo kilikuwa cha kubomolewa. La pili lilipanda wima. Tukalisubiri. Mke wangu Rahabu akaenda kisimani, akarudi na ndoo kichwani, ndipo likashuka, likiwa la baridi kabisa. Mara ya tatu mawe ya karibu yalikuwa yamekwisha, nikapakia boga. Boga likavuka mwamba, likatua uani kwa mama mkwe wangu, Mama Scholastika, ambaye ndiye mama yako mzazi.

Sasa malalamiko.

1. Mgambo walipokuja walisema wamefuata "silaha". Ndugu Mwenyekiti, silaha ina adui. Adui yangu anaenea kwenye kiganja na anakula mtama. Tena mgambo wenyewe walishindwa kuunyanyua ule mti, ikabidi niuweke begani mwenyewe mpaka ofisini kwako, wao wakinishikia kofia. Ni mtuhumiwa gani huwabebea ushahidi?

2. Nimeitwa mfunga mvua. Enock alisimama mbele ya kijiji kizima akasema, "Huyu anaipiga mbingu mawe, halafu tunaulizana mvua iko wapi!" Na watu wakaguna, wewe ukiwemo. Naomba ijulikane kwamba jiwe la pili lilitoboa wingu. Jioni ile mvua ilinyesha nyuma ya nyumba yangu, eneo la ukubwa wa mkeka, nikaloa bega moja. Ningeachiwa mti wangu ningeisogeza mpaka kwa Enock.

3. Boga. Hapa ndipo penye uchungu. Ni kweli lilitua kwenye chungu cha togwa. Mama hakuguswa, namshukuru Mungu. Kuku mmoja alizimia, akaamka, na tangu siku hiyo anataga mawili kwa siku. Nawe ulikuwepo ukamsikia Mama: "Mkwe gani huyu ananitupia chakula kama mbwa? Hodi hakuna, shikamoo hakuna!" Ndipo ukanitoza mbuzi wa kumtuliza. Na Rahabu naye akajifunga khanga akasema, "Mimi nipo kwa mama. Siku ukimleta mbuzi utanikuta."

Ndugu Mwenyekiti, hili ni kosa la Kiswahili, si kosa la adabu. Mbwa hutupiwa. Mama amerushiwa. Kutupa ni kwa mkono, tena kwa dharau. Kurusha ni kwa mtambo. Redio inaturushia matangazo mkoa mzima, na sijaona mzee aliyeidai redio mbuzi. Kuhusu shikamoo, niliitoa, kwa sauti, nimeinama kabisa, wakati boga linaondoka. Kama boga liliwahi kufika kabla ya shikamoo, hiyo ni sifa ya mtambo.

4. Hakimu wangu ni mtoto wa mlalamikaji, ni kaka wa mke aliyeondoka, na nasikia togwa ile ilikuwa yako.

5. Mti wangu umelazwa mbele ya ofisi, wajumbe wanaukalia. Mti wa kupeleka vitu angani umekuwa benchi! Jana nimempita Enock ameukalia anamenya karanga, akaniambia, "Karibu kiti, fundi." Niliumia kuliko siku Rahabu alipoondoka. Au tuseme sawasawa.

Kwa hiyo naomba mti urudi kwangu kabla kwelea hawajafika, maana mtama ukiliwa sina kingine. Naomba pia kijiji kiutambue mtambo huu kuwa chombo cha usafiri. Dawa zirushwe kutoka hospitali ya Kiomboi, kilima kwa kilima. Ikiwezekana na wagonjwa warushwe kwenda huko, wapokelewe kwa magodoro, wazee wakitangulia kwa heshima. Mbuzi afutwe, kwa kuwa nasikia boga lilipikwa na likaisha. Na Rahabu aarifiwe kwamba mlango haujafungwa. Simwiti. Natoa tu taarifa ya mlango.

Nisalimie wajumbe wote, hata yule wa karanga. Msalimie mkeo, shemeji Winfrida, na watoto. Mama mpe shikamoo yake, nimeiandika ili isichelewe tena.

Nabaki kuwa mwananchi wako asiye na mti,

Antipasi
Fundi Mkuu wa Kombeo (wa kujifundisha)

N.B. Kwelea wamefika asubuhi hii kabla sijafunga bahasha. Nimepiga debe peke yangu. Nikiwa upande huu wanakula ule, nikikimbilia ule wanakula huu. Rahabu alikuwa anasimama katikati ya shamba anapiga ukelele mmoja tu, na wote wanaondoka mpaka ng'ambo ya barabara. Kombeo langu, nikisema ukweli, siku ya majaribio wale wachache waliotangulia walikuwa wanatua juu yake kupumzika. Mti huo ukalieni. Nirudishieni Rahabu. Mbuzi nimeshamfunga kamba, tunakuja kwa miguu.