Somo Lisilo na Madaftari

Jumatatu, 8 Septemba
Fomu imefika! Kila anayesomea ualimu wa sekondari achague masomo mawili atakayofundisha, wakuu wa idara watie sahihi, fomu irudi Ijumaa kabla ya saa kumi. Asiyerudisha anakaa nje mwaka mzima. Dada, ambaye naishi kwake, amesema mwaka huo nikae popote ila si kwake. Hatanii. Ameshapima chumba changu aweke cherehani.

Wenzangu wanachagua kwa mapenzi. Wajinga! Mimi nina shemeji. Shemeji anafundisha Kiswahili na Historia, na meza yake imebeba madaftari mia na sitini ya insha. Sisi tunakula sahani zikiwa mapajani. Nimeapa: nitachukua masomo yenye wanafunzi wachache kuliko yote. Akili ni mali.

Jumanne, 9 Septemba
Utafiti. Nimekwenda sekondari ya jirani, nikachungulia madirishani nikihesabu vichwa. Kemia, arobaini na wawili. Jiografia, hamsini, wengine wamelala. Mlinzi akanikamata ukosi. Nikasema mimi mkaguzi. Akanipeleka kwa mwalimu mkuu, mama mpole wa kutisha, aliyeuliza nakagua somo gani. Nikasema yote. Akaniomba nianze na vyoo.

Nimekagua vyoo.

Lakini sikutoka mikono mitupu! Chumba cha muziki kina wanafunzi wanne. Wanne! Fizikia saba, na majibu yao ni namba tupu. Basi, Muziki na Fizikia. Mtoto wa shangazi, tunayesoma naye, amesema masomo hayo hayanihusu ndewe wala sikio. Tunamwita Rula kwa sababu hupiga mstari hata chini ya orodha ya sokoni. Yeye fomu yake imejaa sahihi tangu jana. Wivu tu.

Jumatano, 10 Septemba
Mkuu wa Fizikia aliuliza somo lake niliacha lini. Nikasema ni lenyewe lililoniacha. Hakutia sahihi.

Muziki wana usaili wa kinanda. Nikachomoa waya wa kinanda, nikawasha wimbo kwenye simu iliyokuwa ndani ya koti, vidole vikaanza kutembea. Mambo yakaenda! Mhadhiri akafumba macho, akatikisa kichwa taratibu. Nilishajiona mwalimu. Mara wimbo ukakatika, simu ikaita. Nikaipapasa niizime, nikaipokea kwa spika. Dada anauliza nani kamaliza sukari.

Mhadhiri akasema kinanda kina maneno makali. Akauliza kwa nini nautaka muziki. Nikamweleza ukweli: wanafunzi wanne. Akacheka hadi akakaa. Shule ile haifundishi muziki mwaka wa tatu sasa. Wale wanne walichelewa kuhesabiwa namba asubuhi, wakapewa chumba wafagie. Anajuaje? Mwalimu mkuu ni mke wake. Akaniuliza kama vyoo nimevikuta salama.

Alhamisi, 11 Septemba
Idara nyingine mbili zimenikataa. Leo cherehani imefika, imewekwa mlangoni kwangu, naipanda kutoka na kuingia. Nimeogopa kweli. Nikifukuzwa hapa sina pa kwenda, na ualimu ndiyo kwaheri.

Jioni shemeji mafua yamemzidi. Akaniomba nimsaidie kusahihisha insha, kumi tu. Nikakubali kwa sababu ya chai. Ya tano iliandikwa na msichana ambaye bibi yake anajifunza kusoma kwa karatasi za dawa zake. Nikaandika maoni nusu ukurasa. Nikageuza, nikaongeza nyuma. Nilipoinua kichwa nilikuwa nimemaliza thelathini na moja, chai imepoa, na shemeji ananitazama.

Akasema, "Bwana mdogo, kazi hii unaiweza."

Nilifurahi hadi nikapenga kamasi. Bila shaka ameniambukiza mafua.

Ijumaa, 12 Septemba
Nafasi zilizobaki: Kiswahili na Historia! Hakuna nyingine. Foleni ilifika getini, lakini Rula alinishikia nafasi tangu asubuhi bila kuombwa. Ana njama, sijaijua bado. Sahihi ya pili imeingia saa kumi kasoro dakika nne. Nimeokoka! Dada amehamishia cherehani sebuleni, uso umemshuka, ila jioni kaniongezea nyama.

Karani wa chuo hakunipa hata nafasi ya kupumua, akanikabidhi fomu nyingine: tuchague shule za mazoezi ya kufundisha, muhula mzima. Wenzangu wamekimbilia shule kubwa za mjini. Waache! Mimi nimeshuka moja kwa moja kwenye safu ya idadi. Ipo shule mpya, wanafunzi sitini. Shule nzima! Nikajaza papo hapo, kwa wino.

Karani akauliza kama nimeona na safu ya walimu. Nimeiona. Yupo mmoja, anastaafu mwezi huu. Nikasema vizuri sana, hakuna atakayenisumbua. Akanitazama kwa huruma, akapiga mhuri.

Rula kachukua karatasi anazidisha madaftari sitini kwa masomo tisa. Nimemwacha na hesabu zake. Wengine tunaona mbali.