Mama Ramani Anarudi Kitini

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza siku vizuri. Penseli zote zimechongwa, kengele imelia kwa wakati. Saa ya chai Makamu akasimama katika chumba cha walimu akatangaza kwamba Mkuu wetu amehamishwa, anaondoka mwisho wa wiki. Nikasikitika kidogo, kwa adabu. Halafu akaongeza kwamba bodi imemwomba Mama Ramani arudi kwenye kiti chake. Chai ikanipalia. Makamu akanipiga mgongoni akaniambia pole, kijana, kunywa taratibu, haikimbii.

Haikimbii! Mimi ndiye ninayetamani kukimbia.

Mama Ramani anafundisha Jiografia Kidato cha Pili B. Jina hilo kapewa na wanafunzi, maana hatembei bila ramani kwapani. Zamani alikuwa Mkuu wa shule hii hii, akaacha cheo kwa hiari, akasema vikao vimemchosha, anataka darasa. Mimi sikuwapo. Mimi nimekuja kumkuta akipanga foleni kwenye kidirisha changu cha karani kama wenzake, na nimemtendea kama wenzake. Kanuni yangu ni moja: hupati chaki mpya mpaka urudishe kipisi cha zamani, na kipisi kisizidi ukucha. Wiki iliyopita alileta kirefu. Nikamrudisha! Mbele za watu! Nikamwambia kipisi hicho bado kina somo zima ndani yake. Akanitazama, akaondoka bila neno.

Watu wasiosema neno ndio wa kuogopwa.

Muda wangu wa majaribio kazini unaisha mwezi huu. Wa kunithibitisha au kunifungisha virago ni Mkuu. Yaani yeye.

Jumanne, 4 Machi

Shangazi, ninayeishi kwake, amenisikiliza huku akikunja nguo. Akaniambia nenda kamwombe radhi, baba, yaishe, urudi ule. Shangazi ana moyo mzuri lakini hajui mambo ya ofisi.

Nina mpango. Mama Ramani hajaijibu bodi bado, anasema anatafakari. Anatafakari nini kama si darasa lake? Basi darasa likiwa tamu kupita kiasi, hatabanduka. Atabaki huko huko na ramani yake, na mimi nitabaki hapa na kidirisha changu.

Nikamwita kiranja wa Pili B pembeni ya stoo. Nikamweleza kwamba mwalimu wao ana mawazo, na ingefaa darasa limtulize kwa adabu na bidii. Sikudanganya; nimeikagua kila sentensi. Kiranja akauliza wao watapata nini. Nikasema hekima. Akacheka hadi akashika ukuta. Ikabidi niahidi kwamba kesho kengele ya mwisho itawahi kidogo. Mpiga kengele ni mimi. Akasema sasa hapo mkubwa umeongea.

Jumatano, 5 Machi

Nimepita dirishani kwa Pili B mara kadhaa, nimeshika faili tupu nionekane nina shughuli. Maajabu! Watoto wameketi kama picha. Mikono juu kila swali: mito, milima, pepo. Mmoja akashukuru kwa kupewa kazi ya nyumbani. Mama Ramani akamfuata, akamgusa paji la uso kuona kama ana homa.

Nikapiga kengele mapema kama nilivyoahidi. Makamu akatokea ofisini, akaitazama saa yake ya mkononi, akaitikisa, akaiweka sikioni. Akaniambia kwa huzuni kwamba saa hii aliachiwa na baba yake na haijawahi kumwangusha. Akaondoka kwenda kwa fundi. Nikajishughulisha na stepla.

Hata hivyo, mpango unakwenda.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango umekwenda, lakini upande mwingine.

Kidirisha changu kinatazama chumba cha walimu, kwa hiyo husikia bila kusikiliza. Mama Ramani alikuwa akiwasimulia wenzake kwamba kilichokuwa kikimzuia ni kitu kimoja: Pili B. Wale watoto walikuwa watundu mno, akaona si uungwana kumtupia mwenzake mzigo kama ule. Lakini jana, akasema, jana nimewaona wamekua. Sasa mwalimu yeyote anaweza kuwachukua. Anaweza kurudi ofisini na moyo mweupe.

Walimu wakapiga makofi. Mimi nikavunja penseli.

Mbio kwa kiranja. Nikamsihi darasa lirudie utundu wake, leo hii, kabla ya somo la mchana. Akasema hilo gumu, mkubwa. Wamekaa kikao: hawajawahi kusifiwa tangu waingie shule hii na wameipenda ladha yake. Kisha akauliza habari za kengele ya leo. Nikamwambia kengele ni mali ya umma.

Ijumaa, 7 Machi

Amekubali. Bodi imefurahi, Makamu amefurahi, mpishi amefurahi. Jumatatu anaanza.

Basi nimebadili mbinu. Asiyezuilika na apendezwe. Asubuhi nilibeba boksi zima la chaki, jipya, nikaliweka juu ya meza yake katika chumba cha walimu kabla hajafika. Nikapangusa kiti chake. Alipoingia nikasimama wima nikamwita Mheshimiwa Mkuu. Akageuka nyuma kuangalia ni nani anayeitwa.

Akaliona boksi. Akaniuliza hii nini. Nikasema ni heshima, Mheshimiwa. Akalibeba mwenyewe, akalirudisha kidirishani, akaenda kusimama mwisho wa foleni, nyuma ya mwalimu wa michezo ambaye nilikuwa nimemkwamisha kwa sababu ya kipisi. Zamu yake ilipofika akanyoosha kiganja. Kipisi kidogo kuliko ukucha. Nikampa chaki. Niliikabidhi kwa mikono miwili, nikaibana mpaka ikakatika mara mbili.

Chumba kizima kikacheka. Makamu akasema, kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, kwamba kijana ameanza kulamba viatu kabla mwenyewe hajavivaa.

Jumamosi na Jumapili, 8 na 9 Machi

Sijala sana. Shangazi amerudia neno lake la radhi. Nimepanga kikombe changu, ndala za ofisini na rula yangu katika mfuko mmoja. Rula ni yangu kweli.

Jumatatu, 10 Machi

Aliniita asubuhi. Niliingia na mfuko mkononi. Akauliza kama nasafiri.

Akaniambia niketi. Akasema aliposhuka cheo kurudi darasani alitaka kuwa mwalimu tu, lakini hakuna aliyemruhusu. Akiingia, mazungumzo yanakatika. Akikaa, mtu anamletea mto. Wakimkuta koridoni wanamnong'oneza mashtaka ya wenzao, utadhani bado ana muhuri mfukoni. Mahali pekee alipokuwa mwalimu wa kawaida ni kwenye kidirisha changu. Siku niliyomrudisha na kipisi kirefu, akasema, alicheka njia nzima mpaka darasani, akawasimulia Pili B. Boksi la Ijumaa ndilo lililomuumiza. Alihisi amepoteza rafiki.

Nikatazama ramani, imeshapata msumari ukutani.

Halafu akasema kiranja amemweleza yote. Nikaanza kuinuka na mfuko wangu. Akaniambia keti wewe, nimeshakuthibitisha. Ila kwanza nikamweleze Makamu habari za saa yake, kwa mdomo wangu. Na kuanzia leo nikiwa na hofu, nije niiseme hofu, mipango niiache.

Nikaitikia ndiyo, Mkuu. Nilimaanisha kabisa.

Makamu nimemweleza. Akasema fundi ameshaiharakisha saa, na tangu hapo anawahi kila mahali hata mkewe anamshangaa. Akanisamehe, ila amenikataza nisiiguse stepla mbele yake.

Jumanne, 11 Machi

Shangazi ameimba jikoni tangu alfajiri. Mpwa wake kathibitishwa! Mimi sijalala. Jana sikuwa na kazi ya kupoteza. Leo ninayo.

Nimewaza kwa utulivu, na nimeona jambo. Mama Ramani haogopi mtu. Kwa nini? Kwa sababu alishuka mwenyewe. Aliyeshuka mwenyewe hakuna wa kumshusha. Anakaa kando, anapumzika, kisha bodi nzima inamfuata kwa upole imwombe arudi.

Ni rahisi hivyo! Nimeomba kupumzishwa ukarani nikakae getini. Kwa muda tu. Ofisi itayumba kidogo, watanitafuta, nami sitakubali siku ya kwanza. Mkuu aliniuliza sababu, akaniuliza tena, kama kuna kitu kinanitisha. Nikasema hapana. Aliagiza nimletee hofu, na hii si hofu, hii ni mbinu. Akanitazama sana, akasema haya.

Bawabu, tunayebadilishana naye nafasi, amenikumbatia. Kumbe ana cheti cha ukarani, amekaa nacho miaka akingoja nafasi. Ameniomba nimpe funguo za ofisi kesho.

Nimempa leo leo, azoee kabla hawajaniita.