Vita vya Mudi wa Felismina na Bakuli la Mtindi

Enyi mlioketi barazani na enyi mlio jikoni, teremsheni sufuria, nyamazisheni redio, mtege masikio! Nawasimulia vita vilivyopiganwa Likombe, Ijumaa alasiri, uani kwa Bi Sharifa, baina ya Mudi wa Felismina, Ukuta Usiorukwa, Beki Mvunja Mbio, na bakuli moja la mtindi. Ewe Mola, nipe pumzi nisicheke kabla ya wakati.

Chanzo cha vita ni hiki. Jemadari Mathayo, kocha wa timu yetu, alirejea kutoka semina ya lishe ya wanamichezo akiwa amebadilika mtu. Akatangaza kwamba misuli haijengwi kwa muhogo peke yake, bali yataka protini, na tumbo nalo lataka bakteria walio rafiki, na vyote viwili hupatikana katika mtindi mzito uliochujwa maji. Kazi akamkabidhi Bi Sharifa, Malkia wa Kifumbu, naye akauchuja mtindi kwa kifumbu kilekile anachokamulia tui la nazi, mpaka kijiko kikasimama ndani yake chenyewe. Kisha jemadari akaweka sheria: "Asiyenionyesha bakuli tupu leo, kesho dhidi ya Mikindani atakaa benchi!"

Wachezaji wengine wote wakala, wakaondoka. Akabaki Mudi. Shujaa huyu alizaliwa Kitaya, kandokando ya Ruvuma, akalelewa kwa ugali wa muhogo na samaki. Maziwa yaliyoganda kwake ni maziwa yaliyoharibika, basi. Lakini mama yake, Felismina, hajawahi kumwona akicheza hata mara moja, na kesho anapanda gari kutoka Kitaya kuja kumtazama. Je, aje amkute mwanawe amekaa benchi, ameshika chupa za maji? Wallahi, hata mimi niliyekuwa natazama moyo uliniuma.

Basi Mudi akaziba pua kwa mkono wa kushoto, akainua kijiko kwa mkono wa kulia, akaingia vitani. Kijiko cha kwanza kikamtoa chozi. Cha pili kikasimama kooni, kikagoma kushuka. Akapambana, jasho likamtoka, akawaita mababu zake wa pande zote mbili za mto. Mwishowe akabakiza kidogo chini, kama adabu itakavyo, kwani kwetu anayesafisha bakuli la watu humwambia mwenyeji kwamba hakushiba.

Kocha, aliyeketi kigodani akimchunga, akanguruma: "Ewe Ukuta! Naona mabaki! Tupu ni tupu!"

"Naam, jemadari wangu," akajibu Mudi kwa sauti ya mgonjwa. Akakomba mpaka bakuli likang'aa. Ole wake! Kabla hajaliinua kumwonyesha kocha, Bi Sharifa alikwishafika na upawa, uso umejaa furaha.

"Maskini mwanangu, kumbe una njaa namna hii na umenyamaza! Nyumba hii haijamtoa mgeni na njaa tangu nilipoolewa, wala haitaanza leo kwa mtoto wa Felismina. Kula, baba, kula!" Akamimina. Bakuli likajaa pomoni.

Mudi akatazama huku, sheria ya kocha. Akatazama huku, heshima ya Bi Sharifa. Kumkatalia mama wa watu chakula chake haiwezekani, na kukimaliza ni kuitisha kingine. Hapo beki mwingine angelia. Mudi alilia, kisha akala. Akala bila kuziba pua, akameza kwa hasira, na alipomeza kijiko cha mwisho, upawa ulikwisha kuinuliwa tena. Ndipo shujaa akaligeuza bakuli, akalivaa kichwani, akasimama wima, mchirizi mweupe ukimteremka puani, akanena kwa sauti kuu:

"Jemadari, tazama, ni tupu! Nawe mama yangu Sharifa, Mungu akuzidishie, nimeshiba mpaka machoni. Bakuli hili sasa ni kofia, na kofia haitiwi mtindi!"

Upawa ukabaki hewani. Bi Sharifa akacheka mpaka akakaa chini. Kocha akainuka, akamrushia jezi namba tano. Mudi akaikumbatia, akapiga simu Kitaya, bakuli bado li kichwani.

"Mama, njoo," akasema. "Nacheza."

Basi itangazwe toka Likombe hadi Mikindani, na wajukuu waambiwe, na wajukuu wa wajukuu wasibishe: siku hiyo Mudi wa Felismina alikula mtindi, akaumaliza. Mara mbili.